Kulia Ngoa Si Husuda



Chukueni diwani yoyote ya Kiswahili, iwe ya kale au ya juzi, mhesabu tungo zinazomtaja hasidi. Hamtazikosa. Yupo hasidi anayemchimbia mwenzake kisima, yupo anayepeleka fitina kwa wakubwa, yupo anayeitazama nyumba mpya ya jirani kwa pembe ya jicho na usiku asipate usingizi. Kisha tafuteni utungo mmoja tu ambao msemaji wake ndiye mwenye jicho hilo, utungo unaosema, "Mimi ndiye niliyetazama, na hivi ndivyo nilivyoumia." Mimi nimetafuta kwa miaka mingi, na nilizozipata hazinimalizii vidole vya mkono mmoja.

Nilisomeshwa ili nifundishe Hisabati, na hesabu hii haitoki sawa. Ukiyaamini mashairi yetu, taifa zima linahusudiwa na hakuna hata mtu mmoja anayehusudu. Nyimbo za taarabu zinakubaliana na mashairi, na kanga zinakubaliana na nyimbo. "Hasidi hana sababu," imeandikwa kanga moja. "Mwenye wivu ajinyonge," imejibu nyingine. Wote tumesimama upande wa wanaoonewa kijicho. Hao wanaokiona, basi, wanaishi nchi gani?

Wanaishi hapa hapa. Mimi ni mmoja wao. Tangu nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na mmoja hadi leo, nikiwa mzee mstaafu, nimeyatazama maisha fulani yakipita jirani yangu, nikayatambua kama mtu anavyoitambua kanzu yake ikiwa imevaliwa na mwingine. Sisemi hili kwa toba. Hakuna niliyemroga, hakuna niliyemsengenya kwa mwajiri wake, hakuna ambaye msiba wake ulinipa usingizi mzuri. Nasema kwa sababu nimechoka kusikia watu wa aina yangu wakiitwa jina lisilo letu, na kwa sababu wanaotuita hivyo ni washairi na walimu wa lugha, ambao kazi yao ni kukiita kila kitu kwa jina lake.

Tuanze na majina basi.

Neno "wivu" limebebeshwa mizigo mingi mno. Mume anayemlinda mkewe ana wivu. Mtoto anayelia kwa sababu mdogo wake amepakatwa ana wivu. Mfanyabiashara anayemwombea mwenzake duka liungue, naye tunasema ana wivu. Neno linalobeba yote haya haliwezi tena kuhukumu sawasawa, kama vile mizani ya sokoni isivyoweza kupima dhahabu.

"Husuda" ni kali zaidi na ina mpaka ulio wazi. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake ni kutaka neema imwondokee aliye nayo. Hasidi hahitaji kupata kitu. Atosheke tu kuona mwenzake amekosa. Ndiye ambaye Suratul Falaq inafundisha kumkimbia kwa Mola, na sina neno la kumtetea. Hata hivyo, tazameni jinsi lugha yenyewe ilivyocheza na neno hili. Kijana wa leo akisema, "Huyu ndiye mchezaji ninayemhusudu," hana maana kwamba anamtakia avunjike mguu. Ana maana kwamba anampenda na angetamani kuwa kama yeye. Watu wa kawaida wamelilegeza neno kwa sababu walihitaji kusema jambo ambalo wahubiri hawakuwaachia neno la kulisemea.

"Kijicho" ni jicho lililofanywa dogo, nalo ni picha nzuri, kwa kuwa mwenye kijicho hukunja uso akatazama kwa kificho. "Gere" ni neno la pwani, na watu "huona gere" hata kwa mambo madogo, kama kipande cha mkate kilichokatwa kikubwa kwa mwingine.

Kisha lipo neno "ngoa". Naogopa kwamba wengi walio chini ya miaka arobaini hawajawahi kulitamka. Ngoa ina maana mbili, na wazee hawakuona haja ya kuzitenganisha. Ni matamanio makubwa ya moyo, na ndiyo maana mtu "hutimiza ngoa" yake. Pia ni uchungu wa kuyaona matamanio hayo yakiwa mikononi mwa mwingine, na ndiyo maana mtu "hulia ngoa". Angalieni vitenzi. Wivu tunauona, kijicho tunakiona, gere tunaiona. Yote ni kazi ya kutazama. Ngoa tunailia. Jicho linalokitazama cha mtu na jicho linalotoka machozi ni jicho moja, lakini haliko katika kazi moja.

Tofauti hii si ya Waswahili peke yao. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliitenga hasadi na ghibta katika kitabu chake cha Ihya: hasadi ni kuichukia neema ya mwenzako na kutaka iondoke, na ghibta ni kutamani upate mfano wake bila yeye kupungukiwa. Aristotle naye, zaidi ya miaka elfu moja kabla yake, alitenganisha uchungu unaotaka kumshusha mwingine na uchungu unaotaka kujipandisha. Hata hivyo nadhani wazee wetu waliona jambo ambalo ghibta hailifikii. Ghibta ni ya mtu ambaye bado ana muda, kwa kuwa anatamani na anaweza kupata. Mtu wa miaka sitini na kitu hawezi tena kutamani kuwa mhandisi kijana. Kilichobaki kwake ni kulia. Ngoa, kwa jinsi ninavyoielewa, ni ghibta iliyopitwa na wakati.

Nitatoa mfano, na nitautoa kwangu mwenyewe ili nisimsingizie mtu.

Nimezaliwa kusini ya mto Rufiji. Wasafiri wa Lindi na Mtwara wenye umri wangu wanakijua kivuko cha Ndundu, jinsi magari yalivyopanga foleni, jinsi mama wajawazito na magunia ya korosho walivyongoja zamu moja. Masika yakishuka, sisi wa kusini tulikuwa kama watu wa kisiwani. Mtoto aliyekulia katika hali hiyo akifaulu Hisabati na Fizikia, haulizwi atakuwa nani. Atajenga daraja. Mwaka 1973 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Uhandisi. Nilikuwa bado mtoto, nami niliisikia habari ile kana kwamba imetangazwa kwa ajili yangu.

Daraja lilijengwa. Lilifunguliwa mwaka 2003, likapewa jina la Rais Mkapa, na urefu wake ni karibu mita 970. Mara ya kwanza kulivuka nilikuwa ndani ya basi, nikitoka kusahihisha mitihani, na nilikuwa mwalimu kwa zaidi ya miaka ishirini. Nililia. Aliyeketi karibu nami alidhani nimefiwa, akanipa pole, nami nikaipokea kwa kuwa sikuwa na maelezo mafupi.

Sasa niambieni, hasidi angefanya nini juu ya daraja lile? Angelitafutia ufa. Angesema gharama zake ni wizi, nguzo zake ni dhaifu, na mafuriko ya mwakani yatalichukua. Mimi nilihesabu nguzo zile kwa mapenzi. Niliomba zisimame miaka mia. Nilifurahi kwa ajili ya mama wajawazito wa kwetu. Na katika dakika hiyo hiyo nilikuwa nikilia kwamba katika saruji yote ile hapakuwa na hata kipimo kimoja kilichotoka mkononi mwangu. Furaha na uchungu vilikaa kifua kimoja na havikugombana. Anayeniambia kwamba hiyo ni husuda hajui Kiswahili.

Wengine watauliza kwa nini sikuijenga basi. Hapo ndipo penye jambo ambalo wahubiri wa wivu hawalitaki kabisa.

Kizazi chetu hakikuchagua, kilipangwa. Siilaumu nia ya waliopanga, kwa kuwa nchi ilikuwa changa na ilihitaji walimu kuliko ilivyohitaji ndoto za mtu mmoja mmoja. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilifunga njia ya kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mtu alitakiwa kwanza afanye kazi na apate mapendekezo. Azimio hilo hilo lilisogeza karibu lengo la elimu ya msingi kwa wote, na madarasa yaliyofunguliwa kila kijiji yalidai walimu. Nilimaliza kidato cha sita, nikaenda Jeshi la Kujenga Taifa, na siku moja orodha ikabandikwa ukutani. Jina langu lilikuwa chini ya kichwa kilichosema ualimu. Ofisi iliyoiandaa orodha ile siitaji, na aliyeipiga taipu huenda alikuwa akiwaza chakula chake cha mchana. Mwenzangu niliyekuwa nikimweleza hesabu za vekta usiku kwa taa ya chemli, jina lake lilikuwa katika orodha nyingine. Alikuja kuwa mhandisi, tena mhandisi mzuri. Hakuninyang'anya kitu. Wala mimi sikuacha kitu. Kalamu ilipita katikati yetu.

Na sisi tulikuwa wenye bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika kila watoto mia waliomaliza darasa la saba, hawakufika hata kumi waliochaguliwa kuingia sekondari za serikali. Fikirini ni ngoa kiasi gani imelazwa katika vijiji vyetu na watu wasio na hata cheti cha kuonyesha kwamba wangeweza kuwa kitu kingine. Mtu aliyeshika nafasi ya pili darasani akachukuliwa wa kwanza peke yake, amekaa miaka hamsini akilima shamba lile lile, na wa kwanza akija likizo kwa gari, wa pili akinyamaza kidogo, kijiji kinasema, "Mwangalieni, ana kijicho." Hana kijicho. Ana hesabu ambayo hakuna aliyewahi kumkokotolea.

Nina mahasimu wanne katika jambo hili, na nitawajibu mmoja mmoja.

Wa kwanza ni yule anayetumia neno "wivu" kama kizibo cha mdomo. Mstaafu akiuliza habari ya kikokotoo cha kiinua mgongo chake, kama wengi walivyouliza mjadala ule ulipowaka mwaka 2018, atatokea mtu wa kumwambia kwamba anawaonea wivu wabunge. Mfagizi akiuliza kwa nini mshahara wa bosi wake ni mara thelathini ya wake, ataambiwa akazane na aache wivu. Methali ya "hasidi hana sababu" imekuwa rungu. Ukishamwita mtu hasidi, huna haja tena ya kusikiliza sababu zake, maana methali imekwisha kukuhakikishia kwamba hana. Nafundisha methali tangu mwaka 1982 na naziheshimu, lakini methali ni shahidi, si hakimu. Mwulizeni kwanza mtu huyo sababu yake. Huenda akawa nayo, na huenda ikawa nzito.

Wa pili ni yule anayeniambia kwamba ualimu ni wito. Nimeambiwa hivyo katika mahafali, katika sherehe za Mei Mosi, na katika hotuba ya kuniaga. Wito una mwitaji na mwitikiaji. Mimi sikuitwa, nilibandikwa. Na angalieni ni nani huambiwa kwamba kazi yake ni wito: mwalimu, muuguzi, mhudumu wa watoto yatima. Sijawahi kusikia meneja wa benki akidai nyongeza, akajibiwa kwamba benki ni wito. Neno hili hutolewa pale ambapo fedha hazitolewi. Lakini ubaya wake mkubwa zaidi ni kwamba linaninyima heshima yangu halisi. Kama nilifundisha kwa sababu ya wito, basi sikufanya kitu. Nilifuata raha ya moyo wangu kama nyuki anavyofuata ua. Ukweli ni kwamba kwa miaka thelathini na saba niliamka alfajiri kwenda kufanya kazi ambayo moyo wangu haukuichagua, na niliifanya vizuri. Niliandaa masomo. Sikupiga mtoto kwa hasira ya maisha yangu. Walimu wa Kiswahili walipopungua nilipewa na Kiswahili, nikajifunza arudhi usiku ili nisiwadanganye wanafunzi mchana. Kuifanya vema kazi uliyopangiwa ni jambo kubwa kuliko kuifanya vema kazi uliyoiota. Anayeniita mtu wa wito ananipora hilo.

Wa tatu ni mfariji, na huyu ndiye hatari kuliko wote kwa sababu anakuja kwa upole. Husema, "Mwalimu, usione vyaelea. Hao unaowatazama nao wana yao. Fulani ana sukari na presha. Fulani watoto wake wamempotelea katika ulevi. Aliye juu mngoje chini." Ndugu zangu, sikilizeni vizuri faraja hii inataka nini. Inataka nipoe kwa kuambiwa kwamba mwenzangu anaumwa. Inanikaribisha nijipatie nafuu katika watoto wake waliopotea. Hiyo, kwa tafsiri ile ile ya al-Ghazali, ndiyo husuda yenyewe, imevalishwa kanzu ya busara. Nilipokuwa nalia ngoa nilikuwa namtakia mwenzangu mema. Mfariji ndiye aliyekuja kunifundisha kungoja aanguke. Na methali ya "aliye juu mngoje chini" tumeisomesha watoto kama methali ya subira! Someni tena maneno yake. Kumngoja mtu chini ni kazi ya hasidi.

Wa nne ni muuza matumaini. Huyu ana kipaza sauti, ana suti, na mara nyingi ana kitabu cha kuuza mlangoni. Anasema hakuna kuchelewa, kila mtu ni mbunifu wa maisha yake, na anayelalamika hakuamini vya kutosha. Kijana wa miaka ishirini huenda akafaidika naye. Kwa mzee ni tusi. Maji yaliyomwagika hayazoleki, na anayeniambia niyazoe anapoteza muda wangu uliobaki. Isitoshe, kama kila mtu ndiye aliyeyabuni maisha yake, basi yule wa pili aliyeachwa kijijini alijibuni kuwa maskini. Tazameni jinsi orodha ile ya ukutani inavyofutika kimya kimya, na kosa la mpangaji likawa la aliyepangwa.

Sasa niwape nafasi wenye pingamizi la haki, maana wapo.

Watasema kwamba ngoa na husuda zinapakana, na mtu hulala katika moja akaamka katika nyingine. Ni kweli, na ndiyo maana nataka tuwe na maneno mawili. Mpaka usio na jina ndio unaovukwa bila mtu kujijua. Alama yangu ya mpaka ni rahisi. Habari mbaya ya mwenzako ikikufikia, sikiliza kifua chako kabla ya mdomo wako kusema pole. Kikilegea, umevuka; rudi haraka. Kikiumia, uko ndani ya ngoa bado, na hapo hakuna dhambi.

Watasema tena, na hili ni zito zaidi, kwamba anayelilia maisha mengine anawatukana waliomo katika maisha haya. Ningekuwa mhandisi nisingemwoa niliyemwoa, maana tulikutana katika shule niliyopangiwa. Wanangu wasingezaliwa. Mamia ya wanafunzi wangekuwa wa mtu mwingine. Je, niko tayari kuwabadilisha? La hasha. Lakini kulia si kuomba kubadilishiwa. Mama aliyezika mtoto wake wa kwanza, kisha akajaliwa watano, humlilia yule wa kwanza hadi uzeeni, na hakuna mwenye akili anayemwambia kwamba anawadharau hawa watano. Tumekubali kwamba mtu anaweza kuomboleza mtoto. Kwa nini tusikubali kwamba anaweza kumwomboleza mtu ambaye yeye mwenyewe angekuwa? Yule kijana wa hesabu za vekta naye alikufa, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Hakuwekewa matanga, na mwili wake uliendelea kutembea ukaenda kuripoti chuoni.

Wanasema waungwana, usisafirie nyota ya mwenzio. Naikubali methali hii kwa moyo wote. Lakini methali hiyo inamhusu anayechukua nyota isiyo yake. Haisemi lolote kuhusu mtu aliyetazama juu, akaiona nyota yake mwenyewe, akaambiwa apande jahazi jingine.

Narudi kwa washairi, kwa maana nyinyi ndio niliokuja kugombana nanyi.

Kuna mfano kutoka mbali unaoonyesha madhara ya mshairi asiye mwangalifu. Antonio Salieri alikuwa mtunzi wa muziki mjini Vienna katika zama za Mozart. Mozart alifariki mwaka 1791 akiwa kijana, Salieri akaishi hadi mwaka 1825, na uvumi ukaenea kwamba alimwua kwa sumu kwa sababu ya husuda. Hakuna ushahidi wa sumu hiyo. Pushkin aliuchukua uvumi ule akautungia tamthilia fupi ya kishairi. Baadaye Peter Shaffer akauandikia tamthilia ya Amadeus, ikawa filamu mwaka 1984, na dunia nzima sasa inamjua Salieri kama hasidi mkuu. Lakini je, mwajua Salieri alikuwa nani hasa? Alikuwa mwalimu. Beethoven alijifunza kwake. Schubert alijifunza kwake. Liszt alijifunza kwake alipokuwa mtoto. Na mtoto mdogo wa Mozart, aliyeachwa yatima akiwa bado mchanga, naye alifundishwa na mtu huyo huyo anayedaiwa kumwua baba yake. Huenda Salieri alilia ngoa. Mtu aliyeishi karibu na Mozart angewezaje kutolia? Lakini aliyemfundisha mtoto wa mwenzake hawezi kuitwa hasidi. Washairi walikosa neno la pili, wakamtia katika neno la kwanza, na hajatoka humo hadi leo.

Nasi tunafanya hivyo kila siku kwa wadogo wasio na jina. Tuna mizani, tuna vina, tuna utajiri wa maneno ambao mataifa mengine wangeutamani, na bado tungo zetu zinamjua mshindi anayejigamba na hasidi anayelaaniwa tu. Wale wengi walio katikati, walimu, makarani, mama waliotolewa shule darasa la sita ili kaka zao wasome, hao hawana hata bahari moja ya ushairi inayowabeba. Mama yule akimtazama binti yake akivaa joho la mahafali, hulia. Tunasema ni machozi ya furaha, tukaendelea na picha. Yatazameni tena machozi yale. Nusu yake ni ngoa.

Kwa kuwa si haki kudai kwa wengine nisichokitoa mwenyewe, naweka hapa beti tatu. Sidai kwamba ni tungo kubwa.

Simtakii hasara, mwenye nyumba ya ghorofa,
Wala mwenye biashara, simuombei maafa,
Kwangu haina tijara, mwenzangu akiwa kafa,
Nalilia ngoa yangu, simlilii mwenzangu.

Namlilia kijana, aliyekuwa ni mimi,
Aliyeota mchana, akanena kwa ulimi,
Walompangia jana, leo hao hawasemi,
Nalilia ngoa yangu, simlilii mwenzangu.

Msiniite hasidi, kwa machozi kuyataja,
Hasidi huja kusudi, pembeni akakungoja,
Mimi sinayo inadi, nalilia jambo moja,
Nalilia ngoa yangu, simlilii mwenzangu.

Wenye kunijibu wanijibu, kwa nathari au kwa nudhumu, na anayeona nimeitafsiri ngoa vibaya alete ushahidi wake, nitausoma. Lakini kwanza nawaomba kila mmoja wenu atunge ubeti mmoja kwa sauti ya yule wa pili darasani, aliyebaki kijijini. Asimpe hekima ya kujifariji wala sumu ya kumwaga. Ampe ngoa yake tu, amwache aseme.